Banda la Mianzi na Nguo

Mara nyingi walimu wenzetu wameandika habari za nyumba: nyumba ya matofali, paa la bati, madirisha yaletayo hewa safi. Hayo yote ni mema, wala hatuyapingi. Lakini hatukumbuki kusoma hata mara moja habari ya banda, maana banda hudhaniwa kuwa ni kitu cha siku mbili tatu, na kitu cha siku mbili tatu hudhaniwa kuwa hakina haja ya akili. Sisi wenyewe tulidhani hivyo mpaka masika ya mwaka jana. Leo twataka kulitazama banda moja kama mtu asomavyo kitabu, tuseme lililo jema ndani yake na lililo baya, kwa kuwa wenye banda hilo wanashindana habari yake, nao wametuomba tuseme tuonavyo.

Banda lenyewe ni mali ya chama cha kuzikana cha kijiji chetu, katika milima ya Usambara, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka mji wa Lushoto. Wasomaji wanaoijua milima hii wanazijua njia zake. Gari hufika mahali, likasimama. Kutoka hapo ni miguu, na nyumba nyingi ziko juu ya hapo. Basi katika masika hayo alifariki mtu mmoja ambaye nyumba yake i juu sana, karibu na mwisho wa mashamba. Chama kilikodi turubai la plastiki na mabomba yake ya chuma, kama ilivyo desturi siku hizi. Mwenye kulikodisha akalileta mpaka mwisho wa barabara, akapakua, akasema kazi yake imekwisha. Vijana walijaribu kuyapandisha mabomba yale; njia ilikuwa utelezi mtupu, kijana mmoja akaanguka, bomba likamponda mguu. Yakaachwa pale njiani. Siku tatu wafiwa na waliokuja kuwafariji walikaa chini ya migomba na chini ya kipaa cha nyumba. Twawakumbuka akina mama wazee waliofunika vichwa vyao kwa majani ya migomba, na mjane aliyekuwa akitoka mara kwa mara kuwaomba radhi wageni kwa mvua, kana kwamba mvua ilikuwa yake. Sisi tulikuwapo, tuna kiatu na mwavuli, tukaona haya.

Baada ya arobaini chama kilikutana. Mzee mmoja wa kijiji chetu, aliyekuwa kimya siku zote, akasema, “Nipeni kiangazi kimoja na nguo, nami nitawapa banda linalobebwa kwa mabega.” Mzee huyu katika ujana wake alikaa Tanga, akishona matanga ya mashua na ngalawa. Alipokosa kazi hiyo alirudi milimani kulima, na watu wengi hawakujua kabisa ya kuwa ana ufundi wo wote zaidi ya kusuka matenga ya mboga.

Sasa tulieleze banda lenyewe. Urefu wake ni mita 9 na upana mita 5. Lina matao matano ya mianzi, na kila tao limeungwa kwa mianzi miwili yenye urefu wa mita 5 kila mmoja, iliyopishana juu kwa kadiri ya hatua moja ndefu. Juu ya matao umelazwa mwamba, nao umekatwa vipande vitatu ili uchukulike. Nguo ni mapande matatu ya turubai la pamba. Hakuna msumari hata mmoja, wala kipande cha chuma. Likifunguliwa lote huwa mizigo minane, na kila mzigo ni wa mtu mmoja. Mabomba yale ya kukodi, kila moja lilitaka watu wawili, na njia yetu haina nafasi ya watu wawili.

Twaanza na mwanzi, maana hapo ndipo tulipojifunza zaidi. Sote tunajua methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Tulipomwona mzee akienda mtoni na mianzi yake tulimwambia methali hiyo, tukidhani tumemsifu. Akacheka, akasema, “Mwanangu mwalimu, mwanzi si samaki. Mwanzi mbichi ukiukunja leo utakutii, lakini mwaka ujao bungua watakuwa wamekwisha kuula.” Na maneno yake ni kweli. Mwanzi mchanga una maji mengi, na mwanzi wo wote uliojaa wanga ndio chakula cha wadudu watoboao miti. Kwa hiyo yeye huchagua mianzi iliyokwisha miaka mitatu, ambayo ngozi yake imeanza kufanya madoa na ambayo ukiigonga hutoa sauti kavu. Huikata wakati wa kiangazi. Akiisha kuikata haiangushi wala haiondoi majani. Huiegemeza papo hapo penye kichaka chake siku kadhaa, ili majani yaendelee kunyonya maji yaliyo ndani. Kisha huilaza mtoni, chini ya mawe, majuma mengi, mto uichukue ile sukari iliyobaki. Inapotoka mtoni imekomaa, nayo imelowa. Na hapo ndipo huikunja, akiipitisha juu ya moto mdogo na kuifunga katika vigingi vilivyopigwa ardhini kwa umbo la tao, mpaka ikauke. Basi amepata yote mawili: mwanzi mzima wenye nguvu, na mwanzi uliokunjika. Methali yetu ingemfundisha upesi, ikampotezea banda.

Mtu akiuliza, Mbona asitumie miti? twamjibu kwamba miti mizuri ya Usambara, kama mkulo wa msitu wa Magamba, hutaka umri wa mtu na zaidi kukomaa, na sheria za misitu zinailinda kwa haki. Mwanzi hukatwa mwaka huu, na kichaka chake chachipua tena. Tena kwa uzito wake mwanzi una nguvu ya ajabu, kwa sababu ni tupu ndani na nguvu yake yote imewekwa kwenye ukingo, pale inapohitajiwa. Na kila kifundo ni kama ukuta mdogo uzuiao mwanzi usibonyee. Wenzetu wa Iringa na Njombe huukata mwanzi wao mchanga ili wapate ulanzi wa kunywa. Hiyo ni habari nyingine, wala hatutaiingia.

Lakini mwanzi una udhaifu mmoja mkubwa. Nyuzi zake zote zaenda upande mmoja, kutoka shina hata ncha, wala hakuna za kuzishika kwa kukingama. Ukipiga msumari, mwanzi wapasuka kama mkeka uliokatika ushazi. Ndiyo sababu viungo vyote vya banda hili vimefungwa kwa kamba ya katani. Pale mianzi inapopishana, mzee amefunga mahali patatu, na kila fundo limewekwa karibu na kifundo cha mwanzi ili lisiteleze. Amezungusha, kisha akakaza kwa kupitisha kamba katikati ya mianzi, na mwisho wa kamba umefichwa ndani, hauonekani. Tulizitazama zile kamba kwa muda mrefu kuliko kitu kingine cho chote. Zilikuwa sawasawa kama mistari ya daftari.

Yafaa kukumbuka hapa ya kuwa katani si mmea wa asili wa nchi yetu. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dr. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida huko Marekani. Iliyofika hai ni 62 tu, nayo ikapandwa pwani karibu na Pangani. Kutoka kwa hiyo michache yakaenea mashamba yaliyoujaza mkoa wa Tanga, hata katika miaka ya 1960 nchi yetu ikawa ya kwanza duniani kwa katani. Babu zetu wengi walishuka kutoka milimani kwenda kuikata, wakarudi na mikono iliyochomwa na miiba. Kwa hiyo tunapoiona kamba hiyo ikishika paa juu ya wafiwa wetu, hatuwezi kuiona kama kamba tu.

Katani ina tabia yake. Ikilowa hunenepa, na ikinenepa hufupika. Katika viungo vya matao jambo hili ni msaada, maana mvua ikinyesha viungo vinajikaza vyenyewe. Lakini katika kamba za nje, zile zivutazo nguo kwenye vigingi, ni hatari: zikifupika usiku huweza kung'oa vigingi au kupasua nguo. Mzee amepitisha kijiti katika kila kamba ya nje, na kazi ya kijiti hicho ni kulegeza. Mvua inapoanza, mtu mmoja huzunguka banda akigusa vijiti, kama mchungaji ahesabuye kondoo. Jua likirudi, huzunguka tena kukaza. Wengine wanalaumu, wakisema banda gani hili linalotaka yaya. Lawama hiyo ina haki kidogo. Lakini twaona katika msiba wako vijana wengi wasiojua mikono yao waiweke wapi, na kazi hiyo inawafaa.

Kuhusu miguu ya matao twataka kusema neno, ijapokuwa wengi hawakuitazama. Mzee hakuisimika mianzi ardhini, maana mwanzi uliozikwa huoza upesi. Amepiga vigingi vya mti mgumu, akaifunga miguu ya matao kwenye vigingi, shubiri moja juu ya udongo. Tulidhani ni kwa ajili ya kuoza tu. Tulipoliona banda limesimamishwa katika ua wenye mteremko ndipo tulipofahamu: mguu wa upande wa chini ulifungwa juu ya kigingi kirefu, na wa upande wa mlima karibu kabisa na ardhi, na banda zima likasimama sawa ingawa ardhi haikuwa sawa. Ni nyua ngapi katika Usambara zilizo sawa? Bomba la chuma, urefu wake ni ule ule daima. Hutaka uilete ardhi kwake.

Sasa nguo. Wazee waliiita nguo nyeupe nene “marekani,” kwa kuwa katika karne ya 19 ililetwa Unguja na meli za Wamarekani kutoka mji wa Salem. Nguo ya banda hili ni nene zaidi ya hiyo, ni ya pamba tupu, na chama kililipa kwa shida. Faida ya pamba ni kwamba ikilowa nyuzi zake huvimba, zikaziba matundu, na maji hutiririka juu yake. Masharti ni moja: usiiguse kwa ndani wakati wa mvua. Mahali pa kidole ndipo patakapovuja. Jambo hili lilileta kicheko katika siku ya kwanza, maana kila aliyeambiwa asiguse aligusa kwanza ili aone kama ni kweli, nasi mwalimu wenu tulikuwa mmoja wao.

Mshono ndio kazi ya fundi wa matanga. Kila mshono umekunjwa mara mbili na kushonwa mara mbili, kwa shazia na uzi uliopakwa nta ya nyuki, na mkunjo wake waelekea chini, kama bati la juu lilivyolalia la chini, maji yasipate mlango. Katika pindo lote imeshonwa kamba, na kamba hiyo ndiyo inayovutwa. Nguo yenyewe haivutwi mahali pamoja. Hivyo ndivyo yalivyo matanga baharini. Tulipoyaona hayo tulikwenda nyumbani tukafungua kitabu cha Kutoka, sura ya 26, ambayo kwa kweli tulizoea kuisoma mbio, tukiona ni hesabu za mapazia tu: mapazia kumi, vitanzi hamsini, vifungo hamsini. Safari hii tuliisoma polepole. Mtu aliyebeba paa begani hujua kwa nini vitanzi vihesabiwe.

Basi tumesifu vya kutosha. Tuseme na makosa. Kosa la kwanza lilikuwa la umbo, na fundi mwenyewe amelikubali. Mara ya kwanza aliilaza nguo juu ya matao na kuivuta iwe sawa kati ya tao na tao. Yalipendeza macho. Mvua ya kwanza ilipokuja, nguo ililegea pale kati, maji yakatuama kama katika karai, na tao moja likaanza kulia. Mzee alilitazama usiku ule bila kusema neno. Asubuhi alipitisha kamba juu ya nguo, katikati ya kila matao mawili, kutoka upande mmoja hata wa pili, akaivuta chini kwenye vigingi. Nguo ikafanya mabonde: kwa upande mmoja imeinama kama tao, kwa upande wa pili imebonyea kama tandiko la punda. Tangu hapo hakuna tone linalotuama, na upepo wa mwezi wa Julai ulipokuja nguo haikupigapiga.

Yuko Mjerumani mmoja, Frei Otto, aliyezaliwa 1925 akafa 2015, aliyetumia maisha yake kuchunguza neno hilo hilo. Alionyesha kwamba nguo haijui kusukumwa, yajua kuvutwa tu. Kwa hiyo isipovutwa pande mbili zinazopingana, haitulii. Alishiriki kulibuni paa kubwa la uwanja wa Olimpiki ya 1972 mjini Munich, lililofanywa kwa nyavu za waya na vipande vya plastiki iangazayo, lenye mabonde na vilima kama milima yetu. Mwaka ule ule aliokufa akapewa tuzo ya Pritzker, iliyo heshima kubwa ya wajenzi duniani. Tulimpelekea mzee picha ya paa hilo. Alilitazama sana, akauliza, “Maji ya pale kati yanatokea wapi?” Hatukuwa na jibu.

Kosa la pili si la fundi. Akina mama wa chama walisema banda jeupe tupu ni kama hema ya askari, nao wakashona ukanda wa kitenge kuzunguka ukingo wote. Twakiri kuwa unapendeza, na wafiwa kadhaa wamesema umewapoza macho. Lakini waliushona juu ya ile kamba ya pindo badala ya chini yake, na kila tundu la sindano sasa ni tundu la maji. Tena rangi yake imeshuka katika nguo kama machozi ya wanja. Uzuri huo ungeweza kuning'inizwa chini ya pindo, usitoboe kitu. Tuliwaambia hivyo, nao walitujibu kwamba walipokuwa wakishona hakuna mwanamume aliyekuja kutazama. Hilo ni kweli.

Kosa la tatu ndilo lililozaa ugomvi. Nguo ya pamba ikikunjwa mbichi huota ukungu, na katika milima hii yenye umande na mawingu, ni lini kitu kinakauka? Baada ya msiba wa mwezi wa Novemba banda lilikunjwa jioni, likawekwa ghalani majuma mawili. Pande moja lina madoa meusi mpaka leo. Tena, fundi alikuwa mgonjwa wakati huo, na vijana ndio waliolisimamisha. Hawakuzijua fundo zake. Walipoona matao yanateleza walitafuta misumari. Matao mawili yakapasuka tangu kiungo hata kifundo cha tatu, na banda likasimama kwa matao matatu, limeinama kama mzee mwenye mzigo.

Tangu hapo chama kimegawanyika. Wengine wanasema fedha iliyobaki inunue mabomba na plastiki, maana mabomba hayana siri. Wengine wanataka banda la pili la mianzi. Sisi twasema hivi. Banda la chuma hudumu zaidi, hufunika watu wengi zaidi, na mjinga aweza kulisimamisha. Mwenye nyumba kando ya barabara afanya vema kulikodi. Lakini chama chetu hakikuundwa kwa ajili ya nyumba za kando ya barabara tu, na plastiki wakati wa jua ni tanuru, wakati wa mvua ni ngoma, hata mhubiri hasikiki. Banda la mianzi ni kazi bora. Ubaya wake ni kwamba lilikaa katika kichwa kimoja. Kosa hilo twalihesabu kuwa letu, sisi walimu kwanza, maana miaka yote mzee huyo aliishi hatua mia tatu kutoka shuleni, nasi tuliwafundisha watoto kuchora picha ya nyumba isiyokuwako, wala hatukumwita hata siku moja.

Tulikwenda kwake mwezi uliopita kumwomba radhi na kumwomba kazi. Amepona, ila mkono wa kushoto una ganzi. Kila Jumamosi mchana wavulana wawili na msichana mmoja wa darasa la sita huenda nyumbani kwake. Tulidhani atawafundisha kufunga. Amewapa yale matao mawili yaliyopasuka na kuwaambia wafungue kamba zote bila kukata hata moja, ili waone zilivyopita. Msichana amekwisha tao lake. Mianzi mipya minne imelala mtoni chini ya daraja la miti, na juu yake yamewekwa mawe. Nasi twawaomba wapitao hapo wasiyaondoe. Mkutano wa chama utakuwa baada ya mavuno ya maharagwe.